Huduma ya kulinganisha nyimbo imenibadilishia kanda ya harusi: inasikiliza sauti au inasoma majina tu?

#1 MwanaLangoni (Lamu)
Asalaam aleikum wanajamvi. Nina makasha ya kanda za marehemu baba: taarabu za harusi, kasida, maulidi, na kanda za dukani alizokuwa akinunua Mombasa. Nyingi nimeshazihamisha kwenye kompyuta zikawa MP3. Kisha nikalipia mojawapo ya hizi huduma zinazopitia maktaba yako, wimbo walio nao kwenye ghala lao wanakupa wa kwao, usio na mwenzake wanaupakia kama ulivyo. Kampuni siitaji. Nataka kuelewa, si kuchafua jina la mtu.

Kwenye safu ya hali, nyimbo nyingine zimeandikwa "Imepakiwa", nyingine "Imelinganishwa", nyingine "Haistahiki", na ziko zilizoganda kwenye "Inasubiri". Hayo ningeyavumilia. Kinachoniuma ni wimbo mmoja wa Juma Bhalo. Kanda ya baba ni ya harusini, yapata dakika kumi na moja, vigelegele vinasikika na kuna beti za kuwasifu wenye shughuli. Nikiucheza kwenye kompyuta, ni huohuo. Nikiucheza kwenye simu, naletewa wa studio, mfupi, safi, na zile beti hazimo. Jina lililo juu ni lile nililoliandika mimi, hata neno "harusi" lipo.

Dai langu: hizi huduma hazisikilizi chochote. Zinasoma jina la wimbo na la mwimbaji, basi. Anayepinga anieleze.

#2 FundiBarani (Malindi)
Wa aleikum salaam. Kazi yangu ni redio na deki za kanda, hapa Barani. Napinga.

Programu inachota alama kwenye sauti yenyewe. Inatazama ni sauti za wembamba gani zilizo na nguvu zaidi, katika sekunde ipi, na zimeachana vipi, kisha inapeleka alama hizo kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, zikatafutwe. Faili zima halitumwi. Ndiyo sababu kulinganisha nyimbo mia kunakwisha haraka na kupakia mia kunakesha usiku. Shazam, ile programu ya simu ya kutambua wimbo unaolia, inatumia njia ya namna hiyo, na hapo jina hakuna aliyeliandika.

Kuhusu jina lako kubaki: hilo ni la kawaida. Wimbo ukilinganishwa, maelezo uliyoandika hubaki ya kwako, sauti inayotoka kwenye wingu, yaani kwenye hizo seva, ni ya kwao. Kwa hiyo jina haliwezi kuwa ushahidi wa upande wowote.

#3 BintShela (Lamu)
@FundiBarani umeeleza vizuri, ila umewasafisha mapema. Dai la #1 liliwahi kuwa kweli, tena kwa kampuni kubwa.

Apple walianza na huduma yao ya kulinganisha, iTunes Match, Novemba 2011, dola 24.99 kwa mwaka, na hiyo ilitumia alama ya sauti. Halafu 30 Juni 2015 wakatoa Apple Music. Hiyo mpya, kwa mwaka mmoja wa mwanzo, ililinganisha nyimbo za watu kwa maelezo: jina, mwimbaji, albamu. Watu waliokuwa na rekodi za jukwaani wakaletewa za studio, jambo lilelile analolalamikia mwenzetu. Mwaka 2016 ndipo Apple Music nayo ikahamishiwa kwenye alama ya sauti.

Kwa hiyo swali ni huduma yake inatumia njia ipi, na wimbo wake uliingia lini. Uliolinganishwa zamani kwa jina unaweza kubaki hivyo hadi uutoe na kuurudisha.

#4 NahodhaMatondoni (Lamu)
Mimi naona nyote mnazunguka. Tatizo ni mtandao. Huku kwetu Matondoni ukianza kupakia, katikati unakatika. Faili linafika nusu. Huduma ikiona nusu inatafuta ulio karibu nao, inakupa.

Na hesabu yenyewe itazameni. Hizi huduma hutumia kilobiti 256 kwa sekunde, ambayo ni kilobaiti 32. Dakika kumi za taarabu ni kama MB 19. Nyimbo mia tano za namna hiyo zinakaribia GB 10. Nani ana bando hilo?

#5 FundiBarani (Malindi)
@NahodhaMatondoni hesabu yako sawa, sababu siyo. Faili lililokatika halibadilishwi kuwa wimbo mwengine. Linabaki "Inasubiri" au linaandikwa kosa, na programu inajaribu tena. Kulinganisha kunafanyika kabla ya kupakia. Hizo zake zilizoganda, naam, huenda ni mtandao. Ule wa Bhalo hapana.

#6 KijanaMaweni (Malindi)
Kwanza watu wa Amu mtuachie Bhalo wetu 😄 Mzaliwa wa Malindi yule, kanda zake zirudi nyumbani.

Pili, nina wazo. Bhalo alijulikana kwa kuimba juu ya mahadhi ya sinema za Kihindi. Je, mashine haichanganyikiwi na mahadhi? Inasikia tuni inayoifahamu, inakimbilia hapo.

#7 MwanaLangoni (Lamu)
@KijanaMaweni mchukueni, na sisi mtuachie Zein l'Abdin na udi wake 😄

Wazo lako lingenipendeza, lakini wimbo niliopewa si wa Kihindi. Ni wa Bhalo mwenyewe, maneno yaleyale ya mwanzo.

#8 FundiBarani (Malindi)
Na alama ya sauti haijui mahadhi. Mtu mmoja aimbe wimbo mmoja usiku mmoja mara mbili, alama zitakuwa mbili mbalimbali, kwa sababu hakuna awezaye kurudia pumzi na mdundo kwa usahihi wa sehemu ndogo za sekunde. Inatambua rekodi hii, si wimbo huu.

#9 BintShela (Lamu)
@FundiBarani hapo sasa umejifunga mwenyewe, ndugu yangu. Ikiwa inatambua rekodi tu, vipi rekodi ya harusini ilinganishwe na ya studio? Ama ilisoma jina, kama asemavyo mwenye uzi, ama kuna jambo ndani ya kanda.

#10 MzeeMkomani (Lamu)
Wanangu, mimi mambo ya mawingu siyui, mjukuu wangu ndiye anisomeaye na kuniandikia. Lakini harusi nayuwa.

Zile beti alizozitaja kijana si za kupuuza. Mwenye shughuli alimwendea mshairi kabla, akampa majina ya wazee wa pande mbili na mambo ya kutajwa na ya kufichwa. Mshairi akatunga, mwimbaji akaimba usiku ule, wakayatia ndani ya wimbo ambao watu washauzoea. Kesho yake harusi nyingine, beti nyingine. Kandani ndipo zilipobaki. Dukani hazikuuzwa wala mtu hakuziandika. Mashine ikikupa wimbo wa studio ikasema ni huohuo, imekutolea watu wako nje.

Kanda yenyewe ungali nayo? Usiitupe.

#11 MwanaLangoni (Lamu)
@MzeeMkomani shikamoo. Ninayo, na zote zi kwenye kasha. Bibi harusi aliyesifiwa ni shangazi yangu, ndiyo maana nimeng'ang'ana hivi.

#12 Kipini_Boy (Malindi)
Msisahau upande wa "Haistahiki", umepita bila kujibiwa. Kwa iTunes Match masharti yanajulikana: faili lililo chini ya kilobiti 96 kwa sekunde halikubaliwi, na likizidi MB 200 au saa mbili halipandi. Maulidi ya usiku mzima katika faili moja hayataingia. Yakate vipande. Na rekodi za zile simu za zamani za vitufe ni nyepesi mno.

Pia kuna kikomo cha nyimbo 25,000 kwa jumla.

#13 BintShela (Lamu)
Sahihisho kidogo: 25,000 ilikuwa mwanzo. Tangu mwisho wa 2015 ni 100,000, na ulizonunua kwao hazihesabiwi. YouTube Music nayo inaruhusu kupakia hadi 100,000.

Wengine huchukua yale mafaili mepesi wakayageuza kuwa kilobiti 128 ili yakubaliwe. Yanapita, lakini sauti haiongezeki uzuri. Kilichopotea kwenye simu kimepotea. Bora urudi kwenye kanda, kama ipo.

#14 Kipini_Boy (Malindi)
Sawa dada, 100,000. Shukran.

#15 UdiNaZumari (Malindi)
Nimesoma yote. Mimi nimehamisha kanda za familia, na nina ushahidi unaomtetea Fundi. Kanda moja ya dukani niliihamisha kwa deki mbili. Ya deki ya kwanza ikaandikwa "Imelinganishwa". Ya deki ya pili, "Imepakiwa". Majina niliyaandika sawasawa, herufi kwa herufi. Ingekuwa inasoma jina, zote mbili zingelinganishwa.

#16 FundiBarani (Malindi)
@UdiNaZumari hiyo ni kasi. Kanda inatakiwa ipite sentimita 4.76 kwa sekunde. Mpira wa ndani ukilegea inapita polepole, mota ikichezewa inapita mbio. Ikizidi kama asilimia 6, wimbo mzima umepanda nusu ya sauti: aliyeimba kwa do anasikika do kali. Sikio lako linasema ni wimbo uleule. Mashine inakuta kila alama imehama mahali pake.

Kelele za nyuma inazivumilia kwa kiasi chake, ndiyo maana kanda yenye mvumo bado hulinganishwa. Kasi ndiyo inayoiangusha. Wengi mnaoletewa "Imepakiwa" kwenye kanda za dukani, tazameni deki zenu kabla ya kulaumu mtandao. Na hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, isafisheni kwa spiriti na pamba. Hapa pwani chumvi inakula kila kitu, na ukungu unaota kwenye utepe.

#17 NahodhaMatondoni (Lamu)
Basi mpira ulegee wa Malindi na wa Lamu kwa pamoja 😄 Deki yangu ikianza huvuta sauti mpaka maalimu wa kasida anaonekana mgonjwa. Ipo dawa?

#18 FundiBarani (Malindi)
Ipo. Mpira mpya, halafu kuna skurubu ndogo nyuma ya mota ya kurekebisha kasi. Tumia bisibisi nyembamba, geuza kidogo kidogo, ukilinganisha na wimbo ambao sauti yake unaijua kwa hakika. Skurubu ya pembeni mwa hedi ni nyingine, ile inahusu ung'avu. Usizichanganye.

#19 Mtoro_wa_Muscat (Oman, kwetu Malindi)
Salaam kutoka ughaibuni. @UdiNaZumari ushahidi wako mzuri, ila wangu unakwenda kinyume. Mimi na ndugu yangu aliye nyumbani tuna faili moja, lilelile, nilimtumia mimi. Kwangu limelinganishwa, kwake limepakiwa. Deki ni moja, kasi ni moja, jina ni moja. Kwa hiyo kasi si jibu la kila kitu.

Nadhani ni nchi ya akaunti. Ghala la nyimbo la nchi moja si sawa na la nyingine, kwa ajili ya haki za wenye muziki. Albamu inaweza kuwepo huku na huko isiwepo.

#20 BintShela (Lamu)
Inawezekana kabisa. Na tukubali kwamba taarabu yetu nyingi haimo kwenye ghala lolote. Kanda za Mombasa za miaka ya sabini na themanini, ngapi ziliingizwa kwenye maduka ya mtandaoni? Zilizoingia, nyingine ziko katika mkusanyo uliokatwakatwa, wimbo wa dakika kumi na mbili umefanywa wa tano. Kwa hiyo hata ukilinganishwa kwa haki, rekodi ikiwa yenyewe hasa, huenda ukarudishiwa kipande.

@MwanaLangoni uliopewa una urefu gani?

#21 MwanaLangoni (Lamu)
Hauzidi dakika sita. Maneno ya mwanzo ni yaleyale, mwisho unafifia badala ya kukoma.

#22 UstadhiMkunguni (Lamu)
Nimekuwa nasoma kimya. Mbona hakuna aliyeuliza kanda yenyewe ilikuwa tupu au ilikuwa ya dukani? Zamani kanda tupu ilikuwa ghali. Watu walichukua ya dukani, wakaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi, wakarekodi juu yake. Yaliyokuwemo hayatoki yote. Mwanzoni husikika kipande cha zamani kabla hujabonyeza, na mwishoni vilevile.

Kama baba yako alirekodi harusi juu ya kanda ya Bhalo, dakika ya kwanza inaweza kuwa ya studio, na mashine ikaikamata hiyo.

#23 MwanaLangoni (Lamu)
Ustadhi, umenifanya nirudi kwenye kasha. Vitundu vimezibwa kweli, kwa plasta. Na nikisikiliza kwa spika za masikioni, mwanzo kabisa kuna sauti safi ya udi isiyo na watu, halafu ghafla vigelegele. Lakini ni muda mfupi sana. Inatosha kulinganisha wimbo mzima?

#24 FundiBarani (Malindi)
Shazam hutambua kwa sekunde chache. Kwa hiyo inatosha, ikiwa huduma inapima mwanzo tu. Naona Ustadhi amepata.

#25 BintShela (Lamu)
Mimi bado. Huduma inayolinganisha maktaba ina faili zima mkononi, na jambo la kuangalia kwanza ni urefu. Dakika kumi na moja dhidi ya sita, ingekataa. Urefu unapuuzwa pale jina linapotumika. Narudi upande wa #1.

#26 KijanaMaweni (Malindi)
Sasa Fundi na Binti Shela mtatupatanisha au mtatutenganisha? 😄 Kuna anayejua dawa? Mimi husikia unafuta wimbo kwenye simu, unaurudisha, unapakiwa upya.

#27 Mtoro_wa_Muscat (Oman, kwetu Malindi)
TAHADHARI. Usifute kwenye simu! Maktaba hizi zimeunganishwa. Ukifuta kwenye wingu unafuta kwenye kila kifaa, na ukiulizwa swali ukabonyeza haraka umeondoa na lililo kwenye kompyuta. Kwanza nakili faili kwenye diski ya nje. Kisha kwenye kompyuta uondoe, ubadilishe faili, uliingize tena, halafu uende Faili, Maktaba, Sasisha Maktaba ya Wingu.

#28 UdiNaZumari (Malindi)
Nyongeza ya kubadilisha faili: mimi hukata mwanzo wa kanda, nikaunganisha sauti yangu nikitaja jina la harusi, mji na aliyenipa kanda. Hazijalinganishwa tena, zote hupakiwa. Na mtoto atakayesikiliza baadaye atajua ni nini.

#29 Kipini_Boy (Malindi)
Mimi nilitia ukimya mwanzoni na bado ulilinganishwa. Ukimya haufai kitu.

#30 UdiNaZumari (Malindi)
Ukimya hauna alama, utapimwa vipi? Tia sauti ya mtu.

#31 BabaKisima (Lamu)
Mnaongea kulinganisha, mimi nitasema la kuhifadhi. Msiyaite haya mawingu ghala. Google Play Music ilikuwa ikiruhusu kupakia nyimbo 50,000 bure. Ikafungwa Desemba 2020, watu wakapewa hadi Februari 2021 kuhamisha vitu vyao, kisha vikafutwa. Jirani yangu alikuwa safarini baharini, alipoambiwa muda ulikuwa umepita. Diski aliyokuwa amezihifadhia ilishakufa kwa unyevu. Na hata huduma zilizo hai, ukiacha kulipa, zilizo kwenye wingu peke yake huzipati.

Halafu jambo moja zaidi. Ukihamisha kanda, weka WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa. Dakika moja ni kama MB 10, ni nzito, lakini hiyo ndiyo nakala yako. Ukiitia kwenye iTunes Match hata hiyo WAV inageuzwa AAC, yaani faili lililobanwa, ya kilobiti 256 kabla ya kupanda. Ya simuni iwe nyepesi, ya kasheni iwe nzima.

#32 NahodhaMatondoni (Lamu)
Diski mbili, nyumba mbili. Moja Lamu, moja bara kusiko na chumvi.

#33 MzeeMkomani (Lamu)
Mjukuu amenisomea yote hadi hapa. Kijana wa Langoni, huyo shangazi yako, ikiwa ni harusi niidhaniayo, mimi nilikuwapo, na mshairi wa beti zile namfahamu. Hao wa wingu watabishana ndia yao. Wewe ndoo na kanda, nikusikilize, nikwambie kila jina lililotajwa mle ni la nani. Uandike kwenye hilo faili lako.

#34 MwanaLangoni (Lamu)
Mzee, ninakuja inshallah, na deki naibeba. Nitaihamisha upya kwa WAV, nikate ule mwanzo wa udi, niwaambie matokeo. Ikilinganishwa tena bila ule mwanzo, Fundi na Ustadhi watakuwa na swali la kunijibu. Ikipakiwa, Binti Shela aniambie kwa nini jina halikuizuia.

#35 BintShela (Lamu)
Nitakujibu sasa hivi: ikipakiwa, bado haijathibitika, kwa sababu utakuwa umebadilisha mambo mawili kwa pamoja, mwanzo na aina ya faili. Kata mwanzo wa ileile MP3, jina usiliguse, ndipo tuongee.

#36 FundiBarani (Malindi)
Hapo nakubaliana naye. Na kabla ya kuhamisha, nipigie picha hedi ya hiyo deki.

#37 KijanaMaweni (Malindi)
Na akimaliza atutumie Malindi nakala, Bhalo arudi nyumbani.